Dawa ya Kubandika: Upenyaji wa Dawa Katika Ngozi na Tatizo la Kuipa Jina na Maelekezo kwa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa njia za kuingiza dawa mwilini, njia ya ngozi ni kongwe na pia ni mpya. Ni kongwe kwa sababu waganga wa jadi walichanja ngozi na kusugua dawa penye chale tangu zamani. Ni mpya kwa sababu ni mwaka 1979 tu ambapo Marekani iliidhinisha kwa mara ya kwanza kipande chembamba kinachonata, chenye dawa ndani yake, ambacho hubandikwa juu ya ngozi nzima isiyo na jeraha ili dawa ipenye polepole hadi kwenye damu. Tangu wakati huo vipande vya namna hiyo vimetengenezwa kwa ajili ya maradhi ya moyo, maumivu ya saratani, uzazi wa mpango, kuacha sigara na upungufu wa kumbukumbu wa uzeeni.

Lengo la makala haya ni kueleza jinsi dawa inavyopita katika ngozi, na kisha kuchunguza namna Kiswahili kinavyoweza kuipa dawa hiyo jina na maelekezo yasiyompotosha mtumiaji. Hoja kuu ni kwamba Kiswahili huainisha dawa kwa kitenzi cha mtumiaji: dawa ya kunywa, dawa ya kupaka, dawa ya kuchua. Mfumo huu ni bora kwa sehemu kubwa, lakini kwa dawa ya kubandika unaelekea kutoa maana iliyo kinyume cha ukweli. Kinachobandikwa juu ya ngozi hudhaniwa kuwa kinatibu mahali pale pale kilipobandikwa. Kosa hilo la maana si dogo. Kama itakavyoonyeshwa, limo katika mzizi wa madhara ambayo yameua watu, na hasa watoto.

2.0 Upenyaji wa Dawa Katika Ngozi

2.1 Umbo la ngozi

Ngozi ya mtu mzima ina eneo linalokadiriwa kuwa kati ya mita za mraba 1.5 na 2. Kazi yake ya kwanza ni kuzuia: huzuia maji ya mwili yasitoke na sumu na vijidudu visiingie. Kazi hiyo hufanywa zaidi na tabaka la nje kabisa, ambalo lina unene wa mikrometa 10 hadi 20 tu katika sehemu nyingi za mwili. Tabaka hilo ni chembe zilizokufa, zilizopangana safu juu ya safu, na kati yake mna mafuta ya aina mbalimbali yaliyozishikamanisha. Wataalamu hulifananisha na ukuta wa matofali: chembe ndizo matofali, na mafuta ndiyo udongo unaoyashika. Chini ya tabaka hilo mna chembe hai, na chini zaidi mna mishipa midogo ya damu.

Dawa inayobandikwa haipiti ndani ya matofali kwa urahisi; hupenya zaidi katika udongo wa katikati, yaani katika njia ndefu ya mafuta inayopinda huku na huko. Ikishavuka ukuta huo hufika kwenye mishipa midogo na kuchukuliwa na damu hadi mwili mzima. Ngozi yenyewe haifanyi juhudi yoyote ya kuivuta. Dawa husogea kwa sababu moja tu: ni nyingi upande wa nje na ni chache upande wa ndani, na kila kitu cha namna hiyo husambaa kutoka penye wingi kwenda penye uchache.

Kwamba ngozi nzima hupitisha vitu si jambo lililogunduliwa maabara pekee. Wafanyakazi wa viwanda vya baruti walioshika nitrogliserini waliumwa vichwa kila walipoanza kazi mwanzoni mwa juma, kwa kuwa kemikali hiyo iliwaingia kwa ngozi na kwa pumzi na kuipanua mishipa yao ya damu. Vilevile, madaktari wa Marekani wameeleza tangu mwaka 1970 ugonjwa unaowapata wachumaji wa tumbaku: mikono na nguo zinapolowana kwa umande wa majani mabichi, nikotini hupenya katika ngozi na kuwaletea kizunguzungu na kutapika. Mwalimu anayefundisha somo hili katika maeneo yanayolima tumbaku, kama vile Tabora, ana mfano wa karibu kuliko kitabu chochote.

2.2 Dawa zinazofaa

Si kila dawa inaweza kupita njia hii. Masharti makuu ni matatu. Kwanza, molekuli yake iwe ndogo. Kwa kawaida isizidi daltoni 500. Nikotini ina daltoni 162, nitrogliserini 227, skopolamini 303 na fentanili 336. Insulini, kwa upande mwingine, ina daltoni zipatazo 5,800, na ndiyo sababu mgonjwa wa kisukari hawezi kuacha sindano kwa kubandika tu insulini juu ya ngozi. Pili, dawa iweze kuyeyuka katika mafuta kiasi cha kuvuka ukuta, na katika maji kiasi cha kuchukuliwa na damu. Tatu, iwe kali: kiasi kidogo cha miligramu chache kwa siku kitoshe kufanya kazi, kwa maana ngozi haipitishi zaidi ya hapo.

Sharti hili la tatu linastahili kusisitizwa, kwa kuwa ndilo linalogongana na dhana ya kawaida. Watu wengi huiona dawa ya nje kuwa nyepesi na dawa ya ndani kuwa nzito. Katika dawa za kubandika mambo ni kinyume. Dawa dhaifu haiwezi kubandikwa. Iliyobandikwa imechaguliwa kwa sababu ya ukali wake. Fentanili, inayotumiwa kwa maumivu makali, ina nguvu mara 50 hadi 100 kuliko mofini, na kipimo chake huandikwa kwa mikrogramu kwa saa, si kwa miligramu.

Faida za njia hii ni mbili kubwa. Dawa inayomezwa hupita kwanza katika ini, na baadhi ya dawa, nitrogliserini ikiwamo, huharibiwa kwa sehemu kubwa humo kabla ya kufika zinakotakiwa. Inayopenya katika ngozi hulikwepa ini katika safari yake ya kwanza. Pia, kidonge hupandisha dawa katika damu kwa ghafla na kisha kuiacha ishuke. Kinachobandikwa huitoa kwa kiwango kinachokaribia kuwa sawa kwa saa nyingi au kwa siku kadhaa.

2.3 Muundo

Kwa kawaida kipande hicho kina sehemu nne au tano: utando wa nje usiopitisha kitu, hifadhi ya dawa, katika aina nyingine, utando wa kuchuja unaopunguza kasi ya dawa kutoka, gundi ya kushika ngozi, na karatasi laini inayobanduliwa kabla ya kutumia. Katika aina ya pili, ambayo imeenea zaidi siku hizi, dawa imechanganywa na gundi yenyewe au na tabaka moja linaloishikilia.

Jambo moja katika muundo huu lina uzito wa pekee kwa hoja ya makala haya. Ili dawa iendelee kupenya kwa kasi ile ile hadi saa ya mwisho, lazima wingi wake ndani ya hifadhi uendelee kuwa juu kuliko ndani ya ngozi. Kwa hiyo mtengenezaji huweka dawa nyingi kuliko itakayoingia mwilini. Kipande cha kwanza cha skopolamini, cha mwaka 1979, kiliwekwa miligramu 1.5, zaidi ya kiasi kilichokusudiwa kutolewa kwa siku tatu. Kipande cha fentanili kilichovaliwa kwa muda wake wote bado huwa na kiasi cha dawa kinachoweza kumuua mtoto.

2.4 Historia fupi

Wazo la kuitoa dawa kwa kipimo kupitia ngozi lilisukumwa mbele na Alejandro Zaffaroni, mwanasayansi mzaliwa wa Uruguay aliyeanzisha kampuni ya ALZA nchini Marekani mwaka 1968 na kupata hataza za wazo hilo mwaka 1971. Baada ya skopolamini ya kuzuia kichefuchefu cha safari, inayobandikwa nyuma ya sikio, ilifuata nitrogliserini ya moyo mwaka 1981, homoni ya estradioli mwaka 1986, fentanili mwaka 1990, nikotini ya kuwasaidia wavutaji kuacha sigara mwaka 1991, na dawa ya uzazi wa mpango mwaka 2001. Shirika la Afya Duniani liliingiza tiba ya nikotini, pamoja na namna yake ya kubandika, katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009, na fentanili ya kubandika kwa maumivu ya saratani mwaka 2017.

Katika Afrika ya Mashariki tiba hizi hazijawa jambo la kila nyumba. Kwa maumivu makali ya saratani, kwa mfano, mofini ya maji ya kunywa ndiyo iliyoenezwa, hasa kutokana na kazi iliyoanzwa Uganda na Hospice Africa Uganda mwaka 1993. Lakini hali hiyo ni sababu ya kulishughulikia suala la istilahi sasa. Jina likishazoeleka dukani na wodini, mtaalamu wa lugha huja kuandika tu lililokwisha tokea. Zaidi ya hayo, wapo wasemaji wa Kiswahili Ulaya na Amerika ya Kaskazini ambao hupewa tiba hizi kila siku, na wakalimani wanaotakiwa kuwaeleza papo hapo bila ya kuwa na neno la kushika.

3.0 Uainishaji wa Dawa kwa Vitenzi

Kiswahili kina majina machache ya dawa yanayotokana na umbo lake, kama kidonge na marhamu. Njia iliyo hai zaidi ni ile ya kihusishi cha -a kinachofuatwa na kitenzi-jina, kama katika mifano ifuatayo:

(1) a. dawa ya kunywa
    b. dawa ya kumeza
    c. dawa ya kupaka
    d. dawa ya kuchua
    e. dawa ya kunusa
    f. dawa ya kujifukiza

Katika (1a) na (1b) kitenzi chenyewe kinabeba habari ya mwelekeo: kinachonywewa au kumezwa huingia ndani. Katika (1c) na (1d) kitenzi kinabeba habari ya eneo: kinachopakwa au kuchuliwa hubaki pale kinapopakwa, na mtumiaji hutarajia nafuu mahali hapo hapo. Mgonjwa mwenye maumivu ya goti hapaki dawa begani. Kwa hiyo mfumo huu hautaji tu tendo la mtumiaji; humfundisha pia, bila kusema, dawa inakwenda wapi.

Sasa ichunguzwe dawa ya kubandika. Kitenzi bandika kina matumizi mengi: kubandika tangazo ukutani, kubandika stempu kwenye bahasha, kubandika plasta kwenye kidonda. Katika yote hayo kinachobandikwa hukaa juu ya kitu bila ya kuingia ndani yake. Msikilizaji anayekutana na dawa ya kubandika kwa mara ya kwanza ataiweka katika fungu la (1c) na (1d), na mambo matatu yatafuata. Ataibandika mahali panapouma. Ataona hakuna ubaya kuongeza cha pili mahali pengine panapouma. Na ataamini kwamba akikibandua, dawa imeondoka.

Yote matatu ni makosa. Dawa hii haitibu mahali; hutibu mwili mzima kupitia damu. Vipande viwili ni dozi mbili. Na kikibanduliwa, dawa iliyokwisha kujilimbikiza ndani ya ngozi huendelea kuingia katika damu. Kiwango cha fentanili huchukua saa 17 hivi au zaidi ili kupungua kwa nusu.

Hata hivyo, kitenzi hiki kina matumizi mengine ambayo mwalimu anaweza kuyategemea. Mpishi hubandika sufuria jikoni. Moto uko nje ya sufuria, lakini kazi yake inafanyika ndani. Chakula hakiivi mara tu sufuria inapobandikwa. Na hata ikiipuliwa, chakula huendelea kuwa cha moto kwa muda. Kila kipengele cha mfano huu kinalingana na tabia ya dawa ya kubandika: dawa iko nje na kazi yake iko ndani, fentanili huchukua saa 12 hadi 24 kabla ya nguvu yake kukamilika, na mwili hubaki na dawa baada ya kubanduliwa. Kwa hiyo tatizo haliko katika kitenzi bandika chenyewe, bali katika jamaa zake wa karibu, hasa plasta.

Ipo pia nasaba nyingine isiyopaswa kusahauliwa. Neno chanjo limetokana na kuchanja, yaani kukata ngozi. Lilipohamia katika tiba ya kisasa lilibeba wazo kwamba kinga huingizwa mwilini kupitia ngozi iliyofunguliwa; leo limepanuka hata likahusu matone ya polio yanayotiwa mdomoni, ambako hakuna ngozi inayokatwa. Historia ya neno hili inaonyesha mambo mawili: kwamba wazo la dawa kupitia ngozi si geni kwa wasemaji wa Kiswahili, na kwamba jamii inaweza kulipa neno la tendo maana ya lengo pale ambapo elimu imetangulia pamoja na neno.

4.0 Majina Yanayoshindana

Majina manne yanaweza kufikiriwa kwa kipande chenyewe.

(2) a. plasta
    b. kiraka
    c. bandeji
    d. kibandiko

Plasta lina faida ya kujulikana na wote, na hiyo ndiyo hasara yake. Plasta huziba jeraha. Mtu anayeambiwa kwamba kitu hiki ni plasta ana haki ya kukitafutia jeraha, na kukiweka juu ya ngozi iliyochubuka ni hatari, kwa kuwa ukuta ulioelezwa katika sehemu ya 2.1 haupo tena mahali hapo na dawa huingia kwa kasi isiyopimwa. Tena, mtoto aliyezoea kubandikwa plasta kila anapojikwaa atakiokota kilichotupwa na kujibandika kama alivyoona wakubwa wakifanya.

Kiraka ni neno fupi. Lakini kiini chake ni kuziba au kufidia upungufu: kiraka cha nguo, viraka vya barabara, na hata mchezaji kiraka ambaye hujaza pengo lolote uwanjani. Kiraka hakitoi kitu, hufunika tu. Pia kina harufu ya hali duni ambayo mgonjwa anaweza asipende kuivaa. Anayelipendekeza neno hili huwa anafasiri neno la lugha ya kigeni, ambako nguo, barabara na dawa hushiriki jina moja, badala ya kuiangalia dawa yenyewe.

Bandeji ni kitambaa cha kufungia. Halibebi wazo la kunata wala la dawa, na linaweza kuachwa bila ya mjadala mrefu.

Kibandiko kina sifa bora za kisarufi. Limeundwa kutokana na kitenzi kwa utaratibu unaofahamika, na kitenzi hicho kina ukoo mzima unaohitajika katika maelekezo: bandika, bandua, banduka, bandikwa, ubandikaji, ubanduaji. Uhusiano wa bandika na bandua, kama ule wa funika na funua au anika na anua, humfanya msomaji aone kwamba tendo moja halikamiliki bila ya jingine. Hasara yake ni kwamba hutumika pia kwa karatasi zozote zenye gundi, kwa hiyo likisimama peke yake halitaji dawa wala safari yake.

Ili kuziba upungufu huo, inafaa kutofautisha ngazi mbili za matumizi. Katika ngazi ya kitaalamu, istilahi kibandiko penyezi ingetosheleza: nomino inataja umbo, kivumishi kinataja kazi. Istilahi hii inaweza kuzaa nyingine bila ya kubomoka. Kwa mfano, ipo teknolojia mpya ya vibandiko vyenye sindano ndogo mno zisizofika kwenye neva za maumivu. Chanjo ya surua na rubela ya namna hiyo ilijaribiwa nchini Gambia kwa watu wazima na watoto, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2024. Kifaa hicho kinaweza kuitwa kibandiko sindano, na msomaji ataona mara moja undugu wake na tofauti yake. Katika ngazi ya umma, maneno kibandiko cha dawa ya mwilini yanafaa zaidi. Ni marefu, lakini neno mwilini linapinga moja kwa moja dhana ya dawa ya mahali.

Inafaa kuangaliwa pia kwamba kirai dawa ya ngozi hakiwezi kutumika hata kidogo. Kihusishi -a hakitofautishi dawa inayotibu ngozi na dawa inayopita katika ngozi. Mwenye ukurutu na mwenye ugonjwa wa moyo wasipewe maneno yale yale.

5.0 Lugha ya Maelekezo

Jina zuri halitoshi. Maelekezo nayo yana mitego, na mingi kati ya hiyo hutokana na Kiswahili cha kawaida kilicho sahihi kabisa.

5.1 Kufyonza na kupenya

Maelezo mengi husema kwamba ngozi hufyonza dawa. Kitenzi hiki huifanya ngozi kuwa mtendaji, kana kwamba inajua kiasi inachohitaji na kuacha ikishiba. Kupenya humfanya mtendaji kuwa dawa, na huacha wazi kwamba kinachoamua ni hali ya ukuta. Tofauti hii ina matokeo. Joto huongeza kasi ya upenyaji. Chupa ya maji ya moto juu ya kibandiko cha fentanili, au homa kali, inaweza kuingiza dawa kupita kiasi. Aliyeambiwa kwamba ngozi hufyonza haoni kwa nini aogope joto. Aliyeambiwa kwamba dawa hupenya ana njia ya kulielewa onyo hilo.

5.2 Wakati

Mgonjwa wa Afrika ya Mashariki amezoea maandishi ya bahasha ya dawa: 1 x 3, yaani kimoja, kutwa mara tatu. Kibandiko cha fentanili hubadilishwa kila baada ya saa 72, yaani kimoja kwa siku tatu. Tarakimu ni zile zile, moja na tatu, na maana ni kinyume. Anayeandika kwa kifupi cha mazoea anaweza kumpa mgonjwa dozi mara tisa ya inayotakiwa.

Hata maneno yakiandikwa kwa ukamilifu, hesabu ya siku ina utata. Ukibandika Jumatatu saa 2 asubuhi, saa 72 hutimia Alhamisi saa 2 asubuhi. Lakini anayeambiwa abadilishe siku ya tatu, akihesabu Jumatatu kuwa ya kwanza, atabadilisha Jumatano. Kwa anayebadilisha jioni utata huzidi. Katika hesabu ya jadi siku huanza jua linapotua, hivyo usiku wa Alhamisi ni ule unaokuja baada ya mchana wa Jumatano. Kwa vijana wengi maneno hayo hayo yana maana ya usiku unaofuata mchana wa Alhamisi. Bibi na mjukuu wake wanaweza kukubaliana kwa neno na kupishana kwa siku nzima. Njia ya salama ni kutaja jina la siku na saa, pamoja na asubuhi au jioni, kisha kuyaandika kwenye kadi: bandika Jumatatu saa 2 asubuhi, bandua Alhamisi saa 2 asubuhi.

5.3 Kubadilisha

Kitenzi badilisha kinaficha matendo mawili. Mtu anayebandika kipya na kusahau cha zamani mgongoni atasema kwa dhati kwamba amebadilisha. Maelekezo yataje matendo yote mawili kwa mpangilio wake:

(3) Bandua cha zamani. Kikunje upande wa gundi kwa ndani. Bandika kipya mahali pengine. Nawa mikono.

Vilevile, kikibanduka chenyewe ni tukio tofauti na kukibandua, na Kiswahili kina kauli mbili za kuyatenganisha. Kilichobanduka kitandani kinaweza kumnata mtoto aliyelala karibu.

5.4 Kwisha

Mtego wa mwisho ndio mkali kuliko yote. Kiswahili husema dawa imekwisha kwa maana tatu: imemalizika, imepitwa na tarehe, na muda wa kuitumia umetimia. Chupa iliyokwisha ni tupu, na mtoto huichezea bila ya madhara. Kibandiko kilichokwisha si kitupu. Mwezi Aprili mwaka 2012 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya kupitia matukio 26 yaliyoripotiwa katika miaka 15, ambapo watoto walipatwa na fentanili kutoka katika vibandiko kwa bahati mbaya. Watoto 10 walikufa na 12 walilazwa hospitalini. Katika matukio hayo 26, 16 yaliwahusu watoto wa miaka miwili au chini ya hapo, umri wa kuokota kila kitu na kukitia mdomoni. Mwaka 2013 mamlaka hiyo iliagiza maandishi ya juu ya vibandiko hivyo yabadilishwe ili yaonekane waziwazi zaidi. Agizo hilo lilikiri jambo moja la kiisimu: kifaa kisichoonekana wala kutajwa vyema ni hatari hata kikiwa kimetengenezwa vizuri.

Kwa hiyo kitenzi isha na maumbo yake yote yaepukwe katika maelekezo ya dawa hizi. Badala ya kibandiko kilichokwisha, isemwe kibandiko kilichobanduliwa, na kiongezwe kila mara kiarifu kinachokwenda kinyume na mazoea: bado kina dawa.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba dawa ya kubandika hufanya kazi kwa kupenya polepole katika tabaka jembamba la nje la ngozi hadi kwenye damu. Kwamba ni lazima iwe kali. Na kwamba hubaki kwa wingi katika kibandiko baada ya kubanduliwa. Yameonyesha pia kwamba utaratibu wa Kiswahili wa kuainisha dawa kwa kitenzi, ambao ni rahisi na wenye manufaa, huiweka dawa hii katika fungu lisilo lake, pamoja na marhamu na plasta.

Mapendekezo yaliyotolewa ni haya: kibandiko penyezi kwa matumizi ya kitaalamu na kibandiko cha dawa ya mwilini kwa umma, kupenya badala ya kufyonza, siku na saa badala ya hesabu ya siku, bandua na bandika badala ya badilisha, na kuepuka kwisha. Istilahi mbili za kwanza zinaweza kukubaliwa au kurekebishwa na vyombo vinavyohusika na usanifishaji. Hayo mengine hayahitaji kikao. Mwuguzi, mfamasia au mkalimani anaweza kuanza kuyatumia leo.

Katika uundaji wa istilahi imekuwa desturi kupima neno kwa ufupi wake, uasili wake na uwezo wake wa kuzaa maneno mengine. Vigezo hivyo ni sahihi, lakini kwa istilahi za tiba kipo kingine kinachopaswa kutangulia: mtu asiyejua chochote kuhusu dawa hiyo, akilisikia jina peke yake, atafanya nini? Jina plasta humfanya atafute jeraha. Jina linalotaja mwili humfanya angalau aulize dawa inaingiaje, na mwenye kuuliza hivyo ameshaanza kujikinga.